Transfoma ya 115-0-115 sebuleni: RCD nzima, na kijana akapigwa shoti

Kitu cha kwanza nilichokipima katika nyumba ile kilikuwa RCD, kile kifaa cha kwenye meni swichi kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini. Wenye nyumba walikuwa wameshaamua kuwa ni mbovu. Kijana wa miaka 16 alikuwa amepigwa shoti sebuleni, akaanguka kutoka kwenye kigoda, na hakuna breka wala RCD iliyoshuka. Nilibonyeza kitufe cha majaribio, ikashuka. Nikachomeka mita ya kupimia RCD kwenye soketi ya jikoni, ikashuka kabla mkondo haujafika milliampea 30, kama inavyotakiwa. Ilikuwa nzima kabisa. Umeme uliompiga kijana ulikuwa mahali ambapo RCD ile haiwezi kuuona, hata ingekuwa imefungwa jana.

Nyumba iko Dar es Salaam, kwa mzee mmoja mstaafu anayependa muziki kuliko watu wengi ninaowafahamu. Amekubali kisa chake kielezwe, majina yabaki pembeni. Nakieleza kwa urefu kwa sababu mbinu aliyoitumia, ya kulisha vyombo vya muziki kwa umeme uliosawazishwa, nimeulizwa habari zake na watu kadhaa, na maelezo mengi wanayoyasoma yameandikwa kwa ajili ya nchi ambazo umeme wake si kama wetu.

Transfoma na jinsi ilivyofungwa

Mzee ana santuri za taarab na dansi za miaka ya 1960 na 1970, mashine ya kupigia santuri, amplifaya ya zamani yenye bodi ya chuma, na spika mbili kubwa. Baadaye aliunganisha king'amuzi cha televisheni kwenye amplifaya hiyo hiyo ili taarifa ya habari na mpira visikike vizuri. Akaanza kusikia mvumo wa chini, ule unaojitokeza muziki ukitulia. Akahisi umeme wa mtaani ni mchafu. Akasoma kwamba studio kubwa za kurekodia hutumia umeme uliosawazishwa kuondoa mvumo, naye akaamua kuwa nao.

Wazo lenyewe halina uongo ndani yake. Katika umeme wa kawaida wa nyumbani, waya wa fezi una volti 230 ukilinganisha na ethi, na waya wa nyutro uko karibu na sifuri. Ukipitisha umeme huo kwenye transfoma yenye koili mbili zisizogusana, kisha ukatoa waya katikati kabisa ya koili ya pili na kuufunga kwenye ethi, ncha mbili za koili hiyo zitakuwa na volti 115 kila moja dhidi ya ethi, moja ikipanda wakati nyingine inashuka. Kati ya ncha na ncha bado kuna 230, kwa hiyo amplifaya inafanya kazi bila kujua kuna kilichobadilika. Faida inatafutwa kwenye mikondo midogo inayovuja kutoka kwenye kila waya kwenda kwenye bodi ya chombo kupitia kapasita za kuchuja umeme. Nusu moja inavuja kwa upande mmoja, nusu ya pili kwa upande wa kinyume, na mikondo hiyo miwili inafutana. Inafutana kwa kiasi tu, maana kapasita mbili za chombo kimoja mara nyingi hazilingani sawasawa, na vyombo vingine havina jozi kamili.

Mzee alikwenda kwa fundi wa kusuka mota, akamsukia transfoma ya kVA 1, 230 kuingia, 115-0-115 kutoka. Niliifungua. Kazi ya kusuka ilikuwa safi, karatasi za kutenganisha tabaka zilikuwepo, na koili ya kuingilia haikugusana na ya kutokea. Sina neno baya kwa aliyeisuka. Alipewa namba akazitimiza.

Shida ilikuwa kwenye kufunga. Transfoma ilivutiwa waya wa milimita mraba 2.5 moja kwa moja kutoka meni swichi. Breka ya kwanza, B16 (ya ampea 16), ilikuwa ikishuka mara nyingi transfoma inapowashwa, kwa kuwa chuma cha transfoma huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo kabla ya kutulia. Aliyefunga akatoa B16 akaweka C20, ya ampea 20, ambayo huvumilia zaidi mkondo wa ghafla. Upande wa kutokea akaweka fyuzi moja kwenye waya mmoja, kisha ubao wa soketi sita ukutani nyuma ya kabati la muziki. Waya wa katikati akaufunga kwenye ethi ya ubao ule na ethi ya nyumba, na hilo alilifanya vizuri. Juu ya soketi hapakuwa na maandishi yoyote. Soketi zilifanana na nyingine zote za nyumba, na plagi yoyote iliingia.

Mvumo ukapungua kidogo. Mzee akaridhika.

Taa ya kusimama

Soketi moja ilibaki wazi, na pembeni ya mashine ya santuri palikuwa na taa ya kusimama, ya balbu ya kuzungusha, yenye swichi ndogo kwenye waya wake. Ikachomekwa pale. Baada ya hapo watu wa nyumbani waliona kitu cha ajabu: usiku, taa ikiwa imezimwa, balbu ya LED ilibaki na mwanga hafifu sana. Walidhani ni balbu ya bei rahisi. Hapo ndipo ningetamani sana mtu angeita fundi, maana balbu inayong'aa baada ya kuzimwa inaweza kuwa inakwambia kwamba waya mmoja wenye volti bado unafika kwenye holda. Kuna sababu nyingine zinazoweza kuleta mwanga huo, lakini hakuna hata moja inayofaa kupuuzwa.

Siku ya tukio balbu ilikufa. Kijana, mpwa wa mzee, alizima swichi ya taa kama alivyofundishwa, akapanda kigoda, mkono wa kushoto akaegemea amplifaya ili asiyumbe, mkono wa kulia akaanza kufungua balbu. Ilikuwa imekwama. Alipoikaza vidole ili aizungushe, kidole kimoja kikateleza kikagusa uzi wa chuma wa kitako cha balbu iliyokuwa imetoka nusu. Akapigwa shoti kutoka mkono hadi mkono, akaanguka kinyumenyume. Alipata alama ya kuungua kwenye kidole na maumivu ya bega. Hospitali walimpima moyo wakamweka chini ya uangalizi, akarudi nyumbani salama. Mtu yeyote akipigwa shoti ya kupita kifuani apelekwe, hata akisema yuko sawa.

Tufuate njia ya mkondo. Kanuni nzuri ya kufunga holda ya kuzungusha ni kwamba fezi iende kwenye kitufe cha chini, nyutro iende kwenye uzi wa chuma wa pembeni, kwa kuwa uzi huo ndio mtu huugusa kwa urahisi. Taa hii ilifungwa hivyo hivyo, sawasawa. Swichi yake ilikata waya mmoja, ule wa fezi, sawasawa pia. Lakini kwenye ubao ule hapakuwa na nyutro. Waya uliokwenda kwenye uzi wa chuma ulikuwa na volti 115 dhidi ya ethi wakati wote, swichi ikiwa imewashwa au imezimwa. Bodi ya amplifaya ilikuwa kwenye ethi. Kijana akawa ameunganisha vitu viwili hivyo kwa mikono yake, na mkondo ukapita kwake, ukaingia bodi ya amplifaya, ukafuata waya wa ethi hadi katikati ya koili, ukakamilisha mzunguko ndani ya transfoma.

Volti 115, kwa mwili wenye takriban ohm 2,000 kutoka mkono hadi mkono, ni karibu milliampea 57. RCD za nyumbani zinatengenezwa kukata kwenye 30 kwa sababu juu ya hapo, mkondo ukidumu, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Kilichomwokoa ni kwamba alianguka na mkono ukaachia.

Kwa nini RCD haikuona

Hili ndilo nililolazimika kulieleza polepole kwa familia, na ndilo nawaomba mafundi wenzangu walitazame vizuri. RCD hailinganishi kitu kingine ila mkondo unaotoka kwa fezi na ule unaorudi kwa nyutro. Ukivuja kidogo kwenda ardhini, vile viwili havilingani tena, RCD inakata. Sasa weka transfoma yenye koili mbili baada ya RCD. Umeme wa koili ya pili hauna uhusiano wa waya na ule wa kwanza. Unapita kwa sumaku tu. Mtu akipigwa shoti upande wa pili, mkondo unazunguka kati ya mwili wake na koili ya pili. Upande wa kwanza transfoma inavuta umeme kidogo zaidi, lakini inaouvuta kwa fezi ni uleule inaourudisha kwa nyutro. Mlingano haujavunjika. RCD inaona mzigo wa kawaida.

Kwa hiyo mzee alikuwa na RCD nzuri, ameilipia, imefungwa na fundi anayejua kazi, na chumba kimoja cha nyumba yake hakikuwa na ulinzi wake hata kidogo. Waya ule wa katikati uliofungwa kwenye ethi ndio unaofanya jambo liwe zito zaidi. Transfoma ya kutenganisha ya kawaida, isiyo na ncha iliyofungwa ethi, mtu akigusa waya mmoja huku yuko ardhini mkondo hauna pa kurudi isipokuwa kidogo sana. Ukishafunga katikati kwenye ethi, umeurudishia njia. Usalama wa kutenganisha umeondoka, usalama wa RCD umeondoka, na hakuna kilichowekwa badala yake.

Nilichukua testa ya bisibisi nikaonyesha kila mtu mzima wa nyumba ile. Kwenye soketi ya jikoni iliwaka tundu moja. Kwenye ubao wa muziki iliwaka matundu yote mawili. Kile kipimia soketi chenye taa tatu nacho kiliwasha zote tatu kwa pamoja, hali ambayo chati iliyobandikwa juu yake haina maelezo yake.

Fyuzi upande mmoja

Shoti ya mtu ndiyo iliyonipeleka pale, lakini nilipokaa na transfoma ile na mita niliona kuwa moto ulikuwa karibu kuliko nilivyofikiri.

Plagi zetu za pini tatu za mraba zina fyuzi ndani, na fyuzi hiyo iko upande wa fezi peke yake. Amplifaya nayo ina fyuzi yake, kwa kawaida kwenye waya huo huo mmoja. Mpangilio huu unatosha pale ambapo waya wa pili ni nyutro, kwa sababu nyutro ikigusa bodi hakuna volti za kusukuma mkondo mkubwa. Kwenye umeme uliosawazishwa, waya wa pili ni fezi kama ule wa kwanza. Ukichubuka ndani ya amplifaya ukagusa bodi, mkondo unatoka kwenye ncha ile, unapita kwenye bodi, waya wa ethi, unarudi katikati ya koili. Haupiti kwenye fyuzi ya plagi, haupiti fyuzi ya amplifaya, haupiti ile fyuzi moja ya ubao. Unaweza kuwa na fyuzi tatu mfululizo na zote zikakaa kimya.

Inabaki breka ya kule meni swichi. Nilipima koili: ohm 1.6 upande wa kuingilia, ohm 0.8 kwa kila nusu ya upande wa kutokea. Ncha moja ya koili ikigusana na ethi namna hiyo, upinzani wote unaouona mkondo ni zile 0.8, pamoja na robo ya 1.6 inayohamia kutoka upande wa kwanza, pamoja na waya, jumla kama ohm 1.3. Volti 115 zikigawanywa kwa 1.3 zinatoa ampea 88. Lakini kwa kuwa ni nusu ya mizunguko ya koili inayofanya kazi, upande wa kuingilia unavuta nusu ya mkondo huo, ampea 44. Breka ya C20 hukata papo hapo pale mkondo unapofika kati ya mara 5 na mara 10 ya kiwango chake, yaani ampea 100 hadi 200. Arobaini na nne ziko mbali. Inabidi ingoje joto, na kwa kiwango cha kimataifa breka ya ukubwa huu ikibeba mara 2.55 ya namba yake inaruhusiwa kuchukua hadi dakika nzima. Hapa tuko chini hata ya hapo.

Katika muda huo ile nusu ya koili yenye ohm 0.8 inapitisha ampea 88. Hiyo ni zaidi ya kilowati 6 za joto ndani ya transfoma ya kVA 1, iliyowekwa ndani ya kabati la mbao pamoja na santuri. Aliyebadilisha B16 kuwa C20 alitatua kero ya breka kushuka, na kwa mkono huo huo akadhoofisha kinga ya mwisho iliyokuwa imebaki. Kero ile ilikuwa na dawa nyingine: kifaa cha kuwashia taratibu, ambacho huzuia mkondo wa mwanzo kwa nusu sekunde kisha kujitoa chenyewe.

"Fundi, hii si ndiyo wanayotumia studio?"

Mzee aliniuliza hivyo kwa heshima na kwa uchungu kidogo, kwa sababu alikuwa amesoma kweli. Nilimjibu kwamba ndiyo, zipo studio zinazotumia, na tuangalie wanavyotumia.

Mbinu hii imekulia Marekani. Kanuni ya taifa ya umeme ya kule iliitambua mwaka 1996 katika kifungu kinachohusu studio za filamu na televisheni, na mwaka 2002 ikaipa kifungu chake, namba 647, kwa vyombo vya elektroniki vinavyosumbuliwa na kelele za umeme. Kifungu hicho kinasema wazi kwamba mfumo huo ufungwe kwenye majengo ya biashara au viwanda tu, mahali panaposimamiwa kwa karibu na watu wenye ujuzi. Nyumba ya kuishi haimo. Kinataka breka zinazokata waya zote mbili kwa wakati mmoja. Kinataka soketi zote zilindwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho ili kifanye kazi lazima kiwe upande wa pili wa transfoma. Kinataka kila soketi iandikwe onyo, likiwemo la kutochomeka taa. Nilipomtafsiria mzee hilo la taa alinyamaza, akamwangalia mpwa wake.

Na masharti yote hayo ni kwa umeme wa volti 120. Kule ukiusawazisha, kila waya unabaki na volti 60 dhidi ya ethi. Nusu yetu sisi ni 115, karibu sawa na umeme mzima wa Mmarekani. Maneno kwamba umeme uliosawazishwa ni salama zaidi kwa sababu volti zimegawanywa nusu yana maana kwa mtu anayebaki na 60. Kwetu yanampa mtu waya mbili ambazo kila mmoja unaweza kuua, mahali alipokuwa na mmoja.

Uingereza, ambako volti zao ni kama zetu, wana mfano mzuri wa mbinu hii ikitumika kwa usalama. Kwenye maeneo ya ujenzi drili na taa hulishwa na transfoma za manjano zinazotoa volti 110 zenye katikati iliyofungwa ethi, yaani 55 dhidi ya ethi kila upande. Pale lengo tangu mwanzo ni kumlinda mfanyakazi. Volti zimeshushwa hadi 55 kwa makusudi, plagi zake ni za manjano na haziingii kwenye soketi ya kawaida, na vyombo vyake vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Hakuna anayeweza kuchomeka taa ya sebuleni pale kwa bahati mbaya. Ubao wa mzee haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Njia ya bei rahisi ambayo ni mbaya zaidi

Jirani mmoja aliyekuja kusikiliza mazungumzo yetu alisema ana ile transfoma ya kushusha 230 kuwa 110, akauliza kama anaweza kutoa waya katikati yake akafunga ethi. Nilimwomba asiiguse. Transfoma nyingi za namna hiyo madukani zina koili moja tu, na upande wa kuingilia na wa kutokea vimeshikana. Katikati ya koili hiyo iko volti 115 juu ya nyutro, na nyutro ya mtaani tayari imefungwa ardhini kule kwenye transfoma ya mtaa. Ukifunga katikati kwenye ethi ya nyumba unaunganisha volti 115 na ardhi.

Na hapa breka haitasema kitu. Chukua nyumba ambayo fimbo yake ya ethi uani ina ohm 30, na ethi ya transfoma ya mtaa ina ohm 5. Mkondo utakuwa kama ampea 3.3, mzigo wa pasi ndogo. Lakini ethi ya nyumba nzima itapanda hadi karibu volti 99: bodi ya friji, bodi ya mashine ya kufulia, bomba la hita ya maji bafuni. Kama kuna RCD itakata mara moja. Kama hakuna, na nyumba zisizo na RCD ninazikuta kila mara, hali itabaki hivyo hadi mtu aliyelowa ashike bomba.

Mvumo ulitoka wapi

Nilichomoa waya wa dishi kutoka kwenye king'amuzi. Mvumo ukakatika. Nikaurudisha, ukarudi.

Dishi lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyozikwa ardhini na kushikana na paa la bati. Ganda la waya wa dishi lilileta ethi hiyo ya nje hadi kwenye king'amuzi, na waya wa sauti ukaipeleka hadi amplifaya, ambayo ina ethi yake kupitia plagi. Ethi mbili zisizo na volti sawa, zimeunganishwa na ganda la waya mwembamba wa sauti: mkondo wa 50 Hz unapita kwenye ganda hilo, na amplifaya inaukuza pamoja na muziki. Umeme wa mtaani haukuwa mchafu kiasi cha kusikika. Transfoma ilipunguza sehemu ndogo ya mkondo uliotoka kwenye vyombo vyenyewe, ndiyo maana mvumo ulipungua bila kuisha. Ile iliyotoka kwenye dishi haikuguswa na isingeguswa hata kwa transfoma ya mamilioni.

Dawa ilikuwa kitu kidogo cha kutenganisha sauti, chenye vitransfoma viwili vya kulia na kushoto, kilichowekwa kati ya king'amuzi na amplifaya. Muziki unapita, ethi haipiti. Nguzo ya dishi nikaiunganisha na ethi ya nyumba kwa waya mnene, jambo lililotakiwa kufanywa tangu dishi lilipofungwa. Vyombo vyote vya muziki vikachomekwa kwenye ubao mmoja wa kawaida, chini ya RCD. Mzee aliweka santuri, akaongeza sauti hadi mwisho kabla sindano haijagusa, akasikiliza spika kwa sikio moja baada ya jingine. Akasema, "Kumbe ni hivi."

Transfoma niliing'oa. Alinishikilia kidogo, akasema ameilipia, akauliza kama hatuwezi kuiongezea tu kinachokosekana. Kinachokosekana nilimtajia: breka ya pacha inayokata waya zote mbili upande wa kutokea, RCD ya milliampea 30 upande huo huo, ambako itaona uvujaji kwa kuwa katikati imefungwa ethi, kifaa cha kuwashia taratibu na B16 kurudi mahali pake, sanduku la chuma badala ya kabati la mbao, na soketi za umbo tofauti ili kusichomekwe kingine. Hata hivyo vingekuwepo, swichi ya amplifaya yake ingeendelea kukata waya mmoja, na yeyote atakayeifungua akiamini imezimwa angekuta volti 115 ndani. Katika studio yenye fundi wa kudumu ningefunga. Katika nyumba ambayo watoto wanabadilisha balbu nilikataa, na nitaendelea kukataa.

Kama una mfumo wa namna hii tayari, au umehamia nyumba ambayo mpenzi wa muziki aliishi kabla yako, pima soketi kwa mita, kila tundu dhidi ya tundu la ethi. Soketi ya kawaida itakuonyesha karibu 230 upande mmoja na karibu sifuri upande wa pili. Ukikuta kama 115 na 115, kwanza hakikisha kwa fundi kwamba ethi yenyewe haijakatika, maana ethi iliyokatika nayo huweza kuidanganya mita. Wakati unamngoja, shusha breka ya laini hiyo, chomoa kila kitu kilichochomekwa pale, na usiiguse balbu wala bodi ya chombo chochote kwa kuamini swichi yake.